Jino la Akeno

Akeno aliuza shanga sokoni Lodwar miaka mingi, na jicho hakuliamini hata kidogo. Aliamini jino. Kila shanga aliigonga kwenye meno ya mbele: plastiki hunyamaza, kioo hulia. Wachuuzi waongo walimkoma.

Mwaka 2013 nilikuwa nampikia injinia mgeni aliyekusanya sanaa za kioo kama sisi tunavyokusanya mbuzi. Kipande kimoja alikuja nacho: yai la buluu, kubwa kama la mbuni, tupu ndani, lenye jina la fundi kitakoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mimi, hata kulipangusa vumbi nilikatazwa!

Siku moja Akeno alileta shanga nyumbani kwa injinia. Sijafungua mdomo, ameshalinyanyua yai, ameshaligonga kwa jino. Likalia kama kengele ya kanisa la mbali. Nilifumba macho nikingoja matusi. Hayakuja. Injinia mwenyewe alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile, akainamisha sikio.

“Ni kioo,” Akeno akasema. “Lakini ni nyepesi sana. Mzee, ndani iko nini?”

“Pumzi ya fundi,” injinia akasema. “Alikipuliza kwa mdomo kikiwa moto, kikafura, kisha akakiziba.”

“Yeye yuko wapi?”

“Alikufa zamani.”

Akeno, aliyeshika kioo maisha yake yote, akalishika yai kwa mikono miwili. Akaliweka mezani polepole, akarudi nyuma hatua mbili.

“Alikufa vipi,” akauliza kwa kunong’ona, “na pumzi yake iko hapa?”