Saa za Mombo na Saa za Kwa Kina Husna

Jumamosi asubuhi, ukungu bado umekalia paa la sekondari moja ya kata upande wa Bumbuli. Wanafunzi wanne wameshika blanketi kwa pembe zake na kulivuta mpaka limekazana. Mwalimu Modesta anaweka boga katikati, blanketi linabonyea. Kisha anaviringisha pasheni pembeni. Inazunguka, inazunguka tena, kila mara ikisogea ndani, mpaka inagonga boga.

"Nani ameivuta?" anauliza.

"Hakuna, mwalimu. Blanketi lenyewe limelala."

"Na boga likiwa zito kupita akili, halafu likabanwa likawa dogo kuliko pasheni?"

"Linatoboa!" wanajibu kwa kicheko.

Hapo ndipo anapowaingiza kwenye mashimo meusi, yale ya angani yenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki.

Modesta, mwenye miaka thelathini na mmoja, anafundisha fizikia kwa kujitolea. Wazazi humchangia posho ya shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, na msimu wa kununua mbolea hupungua. Blanketi ni la kitandani kwake. Pasheni hununua mwenyewe, na hazidumu: somo likiisha, sayari zote zinaliwa.

"Nikiwa mwanafunzi kule Mgwashi niliuliza jua limeshikiliwa na nini," anasema. "Nikaambiwa hilo halitoki kwenye mtihani. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma."

Ndiyo maana alianzisha klabu hii ya Jumamosi. Mwaka huu nusura ifungwe, na aliyeiponza ni yeye mwenyewe.

Jumamosi moja alifundisha nadharia ya uhusianifu. Aliwaeleza kwamba kadiri unavyokaribia kitu kizito kama dunia, muda huenda polepole. Kwa hiyo saa iliyo Mombo, chini ya milima, haiendi sawa na iliyo huku juu. Ni kweli tupu, na watoto waliifurahia kupita kiasi.

Wiki iliyofuata Husna, wa kidato cha pili, anayekaa kitongoji cha juu kabisa, alichelewa mstarini. Alipoulizwa alijibu kwa adabu zote: "Shikamoo, mwalimu. Kwetu ni juu, saa zinakimbia."

Haikupita wiki, wachelewaji wote wakawa na jibu hilohilo, wakiwemo wanaokaa bondeni.

Mkuu wa shule, Mwalimu Stephano, hakucheka. Aliagiza klabu isimame. Modesta alimwomba jambo moja tu: Husna apige hesabu ya utetezi wake ubaoni, mkuu akiwepo. Mkuu akakubali, ila akaonya kwamba akiona ni porojo, klabu imekufa.

Husna alijaza ubao. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kama mita elfu moja kwenda juu. Kata sekunde moja vipande milioni: kwa mwaka mzima, saa ya juu hutangulia kwa vipande vitatu hivi.

"Hata nikizeekea kule, haifiki muda wa kupepesa jicho," alisema. Kisha akaukodolea macho ubao. "Halafu ya juu ndiyo iliyo mbele. Mimi nilitakiwa niwahi!"

Mkuu aliangua kicheko mpaka akavua miwani. Klabu ikapona palepale. Lakini alipotulia, aliuliza, "Basi kinachokuchelewesha ni nini, mwanangu?"

Husna aliinamisha kichwa, akaeleza. Kila alfajiri hupeleka maziwa ya bibi yake kituo cha kukusanyia, mlima wa pili, kwa sababu bibi anaumwa mguu. Maziwa hayo ndiyo yanayomsomesha. Adhabu za kuchelewa zilipozidi, bibi alisema atauza ng'ombe ili mjukuu apumzike, na Husna alijua fika kwamba ng'ombe akiuzwa, shule haina muda mrefu.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Modesta. "Kile kichekesho nilikipenda, nikawa nakisimulia hata ofisini. Kumuuliza mtoto asubuhi yake inakwendaje, wala sikukumbuka."

Mkuu alikwenda mwenyewe kuzungumza na mpokea maziwa, ambaye siku hizi hupitia dumu la bibi kwa pikipiki. Husna sasa anawahi.

Modesta ana mpango wa kufika nyumbani kwa kila mwanaklabu kabla mwaka haujaisha. Jumapili iliyopita alianza na kitongoji cha juu. Bibi alimkaribisha chai ya maziwa, akamsikiliza akieleza kwamba Husna anafaa kuchukua masomo ya sayansi mwakani, na Mungu akipenda aende mpaka chuo kikuu.

"Hicho chuo ni miaka mingapi?" bibi aliuliza.

"Mitatu, bibi. Baada ya kidato cha sita."

Bibi alihesabu kwa vidole, akamtazama ng'ombe zizini.

"Huyu atakuwa ameshazeeka," alisema. "Basi ndama wake naye hauzwi."