Jino Lililotakiwa Mtoni

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, na jino lenyewe ninalo kinywani hadi leo.

Nilikuwa mwindaji kwetu Walikale. Mbwa wangu watatu niliwaita kwa mluzi wa kupitisha pumzi katika meno ya mbele, na jino la mbele ndilo lililooza. Mwindaji asiye na mluzi anafanya nini porini? Shangazi alinifukizia moshi wa majani ili mdudu atoke. Mdudu gani? Nilitokwa na machozi tu. Basi nikapanda milima siku mbili hadi kwa munganga wa meno huko Masisi.

Ngoja niseme ukweli, maana watu hutishana bure. Sindano ya ganzi inauma kidogo, kisha mdomo unakuwa mzito. Munganga alitoboa jino kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, akaingiza vyuma vyembamba sana, akavuta mshipa ukatoka. Sikusikia maumivu. Kilichonichosha ni kukaa mdomo wazi asubuhi nzima. Akaweka pamba yenye dawa inayonukia karafuu, akaziba kwa saruji laini.

“Jino imekufa, Papa, lakini itabakia mu kinywa,” akasema. “Usiiguse. Urudi kisha juma moja, niifunge kabisa.”

Nikashika njia ya kurudi kwa mbwa wangu, na hapo ndipo nilipokosea. Katika ukoo wetu, ukivuka mto na maiti unavunja tawi, unamwita marehemu kwa jina, unamwambia mnakwenda nyumbani, asije akabaki majini. Lakini nani angefikiria habari ya jino? Nikavuka mto Oso kimya.

Ng'ambo, katika ukungu, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe. Manyunyu yalikuwa yakianguka, naye alikuwa mkavu. Akatabasamu, na niamini, meno yake hayakufanana hata mawili: hili la mtoto, hili la mzee, hili limechongwa.

“Papa, unapita na maiti na hausemi kitu,” akasema. “Kitu yenye inakufa na haiitwe, hiyo iko yangu. Toa ile pamba, unipatie jino.”

Miguu ilikataa kusogea. Kidole changu, wala sikukituma mimi, kikapanda hadi mdomoni na kugusa saruji. Niliogopa, sikatai. Kisha nikakasirika. Nitembee siku mbili, nitobolewe, halafu nimpe mtu niliyemkuta kwenye jiwe? Kwa mkono wa pili nikavunja tawi.

“Mama, imekufa, lakini iko yangu,” nikamwambia. Jino halina jina, kwa hiyo nikaliita kwa jina langu mwenyewe. “Twende nyumbani.”

Nikapiga mluzi, ukatoka mbovu, lakini ulitoka. Kidole kikashuka. Jiwe lilikuwa tupu.

Juma lililofuata nilirudi Masisi kama nilivyoagizwa. Munganga akaikagua saruji, nzima, haina ufa. Alipoitoa, pamba ilikuwa imejaa mchanga wa mto.

“Nani alifungua hapa?”

“Hakuna muntu.”

Akausafisha ule mchanga, akajaza, akafunga.

Sasa ni mzee. Meno yaliyokuwa hai yameng'oka karibu yote. Lile lililokufa limebaki, jeusi, na mluzi ninao. Ukungu ukishuka tu, nasikia mchanga ulimini.

Basi ukiumwa, nenda, usiogope vile vyuma. Siku uliyoambiwa urudi, rudi. Na ukivuka maji njiani, liite jino lako kwa jina lako, kwa sauti. Yule mama yupo bado, najua ananingoja. Aendelee kungoja. Wanangu nimekwisha kuwaambia: siku yangu ikifika, wavunje matawi mawili.