Akur na Picha za Sufuria

Nilimwona Akur mara ya kwanza siku ya pili ya dawa zangu. Nilikuwa nimesimama nje ya ua wake pale mtaa wa Hai Malakal, bahasha ya hospitali mkononi, nikisubiri watu wapungue ili niingie bila kuonekana. Watu hawakupungua. Akatoka na beseni la maji machafu, akayamwaga karibu na miguu yangu, akanitazama.

"Kifua kikuu?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ingia. Humu ndani sote tunakohoa, hata anayepika."

"Mimi sikohoi!" mpishi wake, Mganda aitwaye Kisakye, akapaza sauti kutoka jikoni. "Wewe Akur, usinitangazie ugonjwa, nitakosa bwana!"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kula kwa Akur. Dawa zile humezwa miezi sita, na zikikuta tumbo tupu hukusumbua mpaka unatamani kuziacha. Anayeziacha anaweza kufa. Kaka yake Akur aliziacha, akafa. Kwa sababu hiyo, Akur aliporudi kutoka Nakuru alikolelewa, alifungua jiko hilo: uji asubuhi, ugali na maharagwe mchana, kwa yeyote mwenye kadi ya dawa. Mimi nilikuwa mbeba matofali, na ugonjwa ulikuwa umenitoa kazini. Mke wangu Nyapal aliuza chai, lakini chai yake haikutosha kutulisha sote.

Unga wa Akur ulitoka kwa kanisa moja la ng'ambo. Mwezi wangu wa pili kanisa likaandika kwamba haliwezi tena. Rafiki yake mmoja, aliyefanya kazi katika ofisi za mashirika ya misaada kule mtaa wa Amarat, akamshauri afungue ukurasa wa Facebook. "Lakini weka sura za watu," alimwambia. "Hakuna anayechangia sufuria."

Sisi wanaume tulikula nyuma ya mikeka iliyofungwa kwenye fito. Akur alidhani mikeka ile ni ya kuzuia vumbi. Mchana mmoja akafungua mkeka mmoja ili mwanga uingie, akatupiga picha. Mimi nilikuwa mbele kabisa, tonge mdomoni. Tulidhani picha ni za hospitali.

Kwetu Wanuer, mwanamume aliyeoa haonekani na mama mkwe wake akila. Ni heshima, na hakuna anayekufundisha kwa maneno, unakua nayo tu. Siku mbili baadaye, huko mtaa wa Gudele, mtu alimwonyesha mama mkwe wangu ukurasa ule kwenye simu, naye akaniona natafuna. Nyapal aliniambia kwamba mama yake aliitupa simu kitandani, akajifunika uso kwa shuka.

Sikurudi tena kwa Akur. Wanaume wengine waliokuwa kwenye picha nao hawakurudi. Nilimeza dawa kwa maji matupu, nikatapika. Siku ya nne nikazificha chini ya godoro. Nyapal akazikuta, akaenda kwa Akur bila kuniambia.

Walirudi pamoja. Akur alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakutaka kiti.

"Nilidhani mnaona aibu ya ugonjwa," alisema. "Nyapal amenieleza. Picha nimeifuta, na mikeka nimeifunga kwa mikono yangu. Nisamehe, kaka."

Nikainama nikafunga kamba za viatu. Mimi mbele ya watu huwa nakaukiwa maneno. Akaona, akanyanyuka, akamwomba Nyapal ampeleke Gudele. Walinunua sukari njiani. Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na Nyapal.

"Wewe ni binti wa nani, usiyefundishwa?" mama mkwe aliuliza.

"Nililelewa Nakuru, mama."

"Huko Nakuru wanaume wanakula mbele ya wakwe zao?"

"Wanakula, mama, na wanaongezewa."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema, "Mwambie mume wa huyu arudi ale. Sitaki binti mjane."

Nikarudi. Ila ukurasa ule sasa ulikuwa karibu hauna sura. Akur alipiga picha za sufuria, za moto, za sahani zilizooshwa. Kabla ya kumpiga picha mtu yeyote alimuuliza kwanza, "Nani hapaswi kukuona?" Mama mmoja akamtaja shemeji yake, hakupigwa picha. Kisakye akasema, "Mimi weka kichwa yangu yote, labda bwana iko huko anatafuta."

Watu wa mbali waliuliza zile sura zimekwenda wapi, kisha wakaacha kuchangia. Unga ukapungua, uji ukawa mwepesi, na rafiki wa Amarat akasema, "Nilikuambia." Mimi nilibakiza miezi mitatu. Nilianza kuhesabu vidonge na kuvilinganisha na gunia lililobaki.

Asubuhi moja Akur akaniletea simu. "Sura sitaki," alisema. "Nipe sauti tu. Geukia ukuta kama unataka."

Niligeukia ukuta. Mara nne nilishindwa.

"Mzee," Kisakye alisema, "hata kuku wetu anaongea kushinda wewe."

Mara ya tano nilisema kwamba jina langu silitaji, kwamba nilikuwa mbeba matofali, kwamba sasa natembea mpaka mtoni na kurudi bila kupumzika, na kwamba nikipata chakula dawa nitazimaliza. Basi.

Sauti hiyo ilipita kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wetu walioko Nakuru, Eldoret na Kampala. Mama mmoja aliandika, "Huyu anaongea kama marehemu baba yangu. Mnahitaji nini?" Wagonjwa wengine wakarekodi sauti zao baada yangu, kila mmoja akiangalia ukuta. Mwezi huo lori lilifika kutoka Nimule, mpakani, na unga na maharagwe, na halikuwa la mwisho.

Mwezi wa sita hospitali ilinipima, ikanikuta safi. Nilikwenda kwa Akur na maneno niliyoyapanga siku tatu. Wiki iliyofuata alihamia mji wa Torit kufungua jiko jingine, na sijamwona tangu hapo. Alikuwa akigawa ugali, foleni ndefu. Nikasema asante, na mengine yote yakanipotea.

Hakuacha kupakua.

"Aliyemeza dawa ni wewe, Gatwech," alisema. "Sasa mpishe mwenzako akae."