Mikono ya Mwoka Mikate

Mwoka mikate hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukimsubiri akwambie anakupenda, utaota mvi. Lakini mikono alijaliwa. Kila jioni, duka likishafungwa, mkewe aliketi kwenye benchi karibu na tanuri, akaweka miguu juu ya gunia la unga, naye akaikanda taratibu, kuanzia vifundoni kupanda magotini.

Miguu ilivimba kwelikweli, maana kusimama kaunta kutwa si mchezo. Jioni viatu vilimbana na soksi zilimwachia alama. Asubuhi uvimbe umenywea. "Wewe ndiye daktari wangu," mke alimtania. Mume alijifanya hakusikia, na kichwa kikamvimba kuliko hiyo miguu.

Haya, wiki moja mguu wa kushoto ukagoma kunywea. Ulivimba peke yake, ukawa wa moto, na nyuma chini ya goti ukauma hata ukiguswa na shuka. Mke akanyamaza. Mficha maradhi, mwisho wake si tunaujua? Mume naye akafanya alilolijua: akaongeza nguvu. Donge gumu hukandwa zaidi, ndivyo alivyofunzwa na baba yake. Siku moja mke akamsukuma.

"Baba watoto, leo unaniumiza."

Kesho yake wakaenda hospitali.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, aliubonyeza mguu wa kulia kwa kidole gumba, pakabaki kishimo.

"Huu umechoka kusimama," akasema. "Punguza chumvi, uinue ukipumzika, na usisimame muda mrefu bila kutembeatembea."

Wa kushoto hakuubonyeza. Aliupima kwa mashine, akaangalia kwa muda, kisha akauliza, "Huu kuna mtu anaukanda?"

"Mimi," mume akajibu, kwa fahari kidogo.

"Usiuguse tena. Damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge lile likichomoka likafika mapafuni, linaua. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, mtu anakuja hapa siku hiyohiyo."

Walitoka na vidonge vya kuzuia damu isigande, na njia nzima mwoka mikate alisema neno moja tu: "Ningekuua."

"Hukujua," mkewe akasema. "Na mimi nilikuficha maumivu. Tumekosa sote."

Jioni ile kaunta ilishawekewa kiti kirefu. Mke aliketi kwenye benchi lake, akainua miguu juu ya gunia. Mazoea yana taabu. Mume akachuchumaa, akanyoosha mikono, akairudisha. Akaifuta meza iliyokwisha kufutwa. Akaenda kufunga mlango uliokwisha kufungwa. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa, alijiona hana kazi tena kwa mke wake.

"Utazunguka mpaka lini? Kaa," mkewe akasema, akimsogezea nafasi. "Nishike mkono. Mkono haujavimba."

Akakaa, akaushika kama mtu aliyebeba yai. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Mikono hii ndiyo iliyokuwa inakwambia," akasema.

"Nilikuwa naisikia, kila jioni. Sasa mpaka mguu upone, utajaribu kwa mdomo kama waume wenzako."

Mwoka mikate akakohoa, akalitazama tanuri, akajaribu.