Kutaja Jina Begani mwa Mlima

Likizo ya kidato cha pili nilipelekwa kwa shangazi, ng'ambo ya ziwa. Aliyepaswa kwenda ni baba mwenyewe. Tangu alipopunguzwa kazi kiwandani anauza mitumba pale sokoni Mwanza, na mtu wa mitumba akifunga meza siku mbili, ya tatu anakuta mwenzake ametandika mashati hapo. Basi akanipa mimi kifurushi cha unga wa mtama. "Ukaumwage juu ya mlima," akasema. "Useme ni wangu, nashukuru nimepata riziki nyingine." Sisi ni Wakatoliki, Jumapili hatukosi, lakini kwa habari ya mlima wa ukoo, kule kwa shangazi, baba hana utani.

Nilivuka kwa kivuko hadi Kamanga, nikapanda gari tena hadi mjini kwa shangazi. Nasema mjini kwa sababu wenyewe wanasema hivyo: mtaa mmoja wa maduka, mashine ya kusaga, malori ya barafu yanayofuata sangara, na ufuko mrefu ulioanikwa dagaa mwanzo mpaka mwisho. Nyuma yake ndipo ulipo mlima, mawe juu ya mawe, kama vile mtu aliyapanga akaitwa kula, hakurudi. Hakuna anayeunyooshea kidole. Wanauonyesha kwa kidevu.

Kuna jambo baba hakuniambia. Nililisikia tukiwa tunakula.

"Kesho utapanda," shangazi alisema. "Ukifika jiwe la begani utasimama, utaje jina lako, la baba yako, la babu yako. Kwa nguvu. Wanawake wa dagaa wakisikia huku chini watapiga vigelegele, ndipo unapita kwenda juu. Kila mtoto wa ukoo siku ya kwanza anafanya hivyo."

"Na wasiposikia?"

"Unarudi, unajaribu siku nyingine. Mlima haupokei mtu asiyejitambulisha."

Nikarudisha tonge sahanini. Mimi ni yule mwanafunzi ambaye akiulizwa swali, darasa zima linageuka kumtazama midomo ili lijue amejibu nini. Kwaya naimba kwa kufungua mdomo tu. Binti wa shangazi, mdogo kwangu lakini aliyepanda zamani, alicheka mpaka akapaliwa.

Kesho yake mchana tukapanda watatu. Jiwe la begani ni bapa, linatosha watu kusimama, na ukiwa hapo unaona pande zote mbili: mbele mji na ziwa, nyuma mashamba ya mihogo mpaka macho yachoke. Nikasimama. Nikataja. Upepo wa ziwani ukanirudishia majina yote matatu usoni. Chini kule wanawake waliendelea kugeuza dagaa.

"Dada, sauti umeiacha kwenye kivuko?" binamu akauliza.

"Mwache," shangazi akasema. "Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Nadhani mara ya pili ilikuwa ndogo zaidi. Tukashuka, unga mkononi. Ufukweni mama mmoja akauliza kama nimetaja. "Ametaja," binamu akajibu, "ila amekitajia kifua chake." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini?

Nikiri tu kwamba siku zilizofuata nilikuwa naomba likizo iishe. Halafu nikimkumbuka baba na meza yake ya mashati, nilijiona nikimrudishia kifurushi kile kile. Ili nisifikirie nikaenda kuwasaidia wale wanawake. Nikapenda kuliko nilivyotarajia. Asubuhi tunamwaga dagaa mchangani, tunawatawanya kwa mkono mpaka wasilaliane, wanang'aa mpaka unafinya macho. Hakuna anayekulazimisha kuongea. Wao wanaongea kwa niaba yako: nani kanunua redio, nani kaacha kulima pamba anauza maji ya matunda kwenye mifuko. Kuna siku vijana wa mitumbwi walipiga kelele "Mvua! Mvua!" wanawake wakainuka mbio kuanua, kumbe mbingu nyeupe. Walitukanwa vijana wale! "Mkisema tena hatunyanyuki," mama mmoja akaapa, "hata tukilowa."

Wiki ya mwisho shangazi akasema tupande tena, asubuhi. Goti lake lilikuwa linamsumbua, akabaki nyuma na binamu, mimi nikatangulia. Nilipofika kwenye jiwe sikutaka kutazama mbele. Nikageuka upande wa mashamba kuvuta pumzi.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka huko. Si wingu, mvua yenyewe, imesimama kama pazia, inakula shamba moja baada ya jingine. Harufu ya vumbi lililolowa ilishafika. Nikageuka mbele: jua kali, ufuko wote fedha tupu, wanawake wamekaa kivulini wanasukana. Mlima ulikuwa umewaficha kila kitu.

"Mvua!"

Chini kule kichwa kimoja kikainuka kunitazama. "Nani huyo?"

"Anueni dagaa! Mvua iko nyuma ya mlima!"

"Nenda zako! Tumechoka na utani wenu! Nani wewe?"

Nikataja jina langu.

"Wa nani?"

Nikataja la baba, nikiwa nimekasirika kabisa, maana pazia lilishafika kwenye mihogo ya mwisho.

"Baba yako huyo mtoto wa nani?"

Nikapiga ukelele wa jina la babu mpaka koo likawasha.

Wakainuka wote kwa mara moja. Mabeseni, magunia, maturubai, mwingine kichwa kimesukwa nusu, wanazoa dagaa kama watu wanaozima moto. Na katikati ya mbio hizo nikasikia kigelegele. Kimoja, halafu vingi. Nilidhani wanafurahia dagaa. Nilipogeuka nikamkuta shangazi amekaa juu ya jiwe, kanga mdomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Mama, hiyo siyo," binamu akalalamika. "Ameanza na mvua. Halafu ameulizwa!"

"Na wewe siku yako nilikufinya ndipo ukapiga kelele. Mbona hukusema siyo?"

Mvua ikatukuta hapo hapo. Tukajibanza chini ya jiwe, sisi watatu na mjusi mmoja, mpaka ikapita kwenda ziwani. Kisha tukapanda hadi juu.

Kifurushi kilikuwa kimevuja, unga umekuwa uji mzito. Kuumwaga haikuwezekana, nikaukwangua kwa vidole nikaupaka kwenye mwamba, pale ambapo wengine walishapaka wa kwao. Chini ufuko ulikuwa mtupu, mchanga umelowa, hakuna hata dagaa mmoja aliyeachwa. Nikasema ni wa baba, anashukuru, amepata riziki nyingine. Koo lilikuwa limekauka, hivyo nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani.

Nikamtazama shangazi, nikidhani ataniambia nirudie.

"Inatosha," akasema. "Huku juu hakuna anayepiga kelele."