Nilimshukuru mume wangu mbele ya kanisa, akaondoka nyumbani

Habari zenu nyote. Admin, naomba unifichie jina, kwa sababu kanisa letu ni dogo na waumini wengi wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, Mkongomani wa Bukavu. Naishi Makindye, hapa Kampala, na nina watoto wawili. Mume wangu, nitamwita Baba Ombeni, kwetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilikaa nyumbani, yeye akaleta mshahara. Hakujua hata chumvi inakaa wapi.

Tulipokimbilia Uganda mambo yaligeuka. Alikuwa amefundisha maisha yake yote kwa Kifaransa, na shule za hapa zinataka Kiingereza. Alijaribu kubeba magunia sokoni, mgongo ukamshinda. Mimi nikapata kazi kwenye kiwanda cha kahawa upande wa Bugolobi. Tunakaa mezani tunachambua buni, mbovu huku, nzima huku. Kwenye meza hizo wanachukua wanawake tu. Natoka alfajiri, narudi giza likiingia.

Hatukuwahi kukaa tukapanga nani afanye nini. Jioni moja nilirudi nikakuta watoto wameoga. Baadaye nikaanza kukuta ugali umefunikwa. Mwishowe nikakuta sombe. Kwa wasioijua, sombe ni majani ya muhogo, na lazima yatwangwe kwenye kinu mpaka yalainike. Mtwango unasikika nyumba ya tatu, na kwetu ukiusikia unajua mwanamke yuko jikoni. Mume wangu alikuwa anafunga mlango, anafungulia redio kwa sauti kubwa, ndipo anatwanga. Binti yetu Ombeni, mwenye miaka tisa, alikuwa anashika kinu kisiyumbe.

Jirani yetu Nalongo, mama wa Kiganda, aliniambia siku moja, "Nyabo, redio yako inapiga ngoma kila siku! Mwambie ssebo, bwana wako, afungue mlango, atakufa na joto." Tulicheka sana. Sikujiuliza kwa nini mlango ulifungwa.

Kisha nikaugua malaria, nikalala kitandani wiki nzima. Alininywesha uji, akaninawisha, akafua mashuka yangu. Jumapili niliyorudi kanisani mchungaji aliwaita wenye ushuhuda. Mume wangu ni mzee wa kanisa, ndiye anayefundisha darasa la wanaume, na alikuwa amekaa mbele. Nikasimama. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa afya, na kwa mume aliyenipa. Natoka kazini nakuta sombe imetwangwa, watoto wameshiba. Nimeugua, amenifulia kila kitu, hata nguo zangu za ndani. Wanaume wa namna hii ni wachache."

Wanawake walipiga vigelegele. Upande wa wanaume mtu alikohoa, halafu wakacheka. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuinua uso mpaka baraka ya mwisho.

Nje rafiki yake alimpiga begani. "Mama Sombe! Leo tunakula saa ngapi?"

Mwingine akadakia, "Muache bwana, bado hajaanua nguo za mama."

Naye alicheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho ninachokisikia mpaka leo nikiwa mezani na kahawa yangu.

Nyumbani hakunigombeza. Aliosha kinu, akakifuta, akakipindua nyuma ya mlango. Kesho yake niliporudi, watoto walikuwa wamekula mkate kwa Nalongo. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameondoka kwenda kwa kaka yake, ambaye analima kwenye makazi ya wakimbizi huko magharibi.

Nilimpigia simu. "Baba Ombeni, nimekukosea nini? Mimi nilikusifu."

"Najua ulinisifu."

"Sasa?"

"Mama Ombeni, kazi yako sijaikataza. Usije ukawaambia watu nimekukataza. Lakini mimi nilikuwa nafunga mlango. Ungenishukuru humo humo ndani."

Baadaye kaka yake akanipigia. "Shemeji, mume wako utampata. Ila usimame pale pale uliposimama, useme homa ilikuwa haijakutoka kichwani, ulichanganya maneno. Useme anayepika ni wewe." Mchungaji naye amekubali. Aliniambia, "Mama, ni maneno mawili tu, nyumba ipone." Amenipa Jumapili hii.

Siku hizi Ombeni akitoka shule ndiye anayepika. Amekirudisha kinu katikati ya chumba, mdogo wake anakishika, na anatwanga mlango ukiwa wazi. Hakuna anayemcheka, kwa kuwa ni msichana. Madaftari yake nayakuta usiku hayajafunguliwa.

Alinisikia nikiongea na mchungaji. Akauliza, "Mama, utasema baba hakupika?"

"Nitasema ili arudi."

"Na akirudi, nani atapika?"

Nikisema uongo ule mbele ya Mungu, atarudi mzee wa kanisa, na binti yangu atabaki kwenye kinu. Yule aliyekuwa anafunga mlango na kunipikia sidhani kama atarudi tena. Nikikaa kimya, watoto hawana baba, nami sina mume ninayempenda. Kazi siwezi kuiacha, ndiyo inayotulisha.

Jumapili Ombeni atakuwa amekaa pembeni yangu, akinisikiliza. Ndugu zangu, nishaurini. Nisimame, au nibaki nimekaa?