Maneno Mia Moja ya Mzee Wekoye

Habari zilimfikia Viola pale mferejini, na zilimfikia kupitia kwa Sharifo, kama karibu habari zote za ploti ile ya mtaa wa Tuwan, Kitale.

"Mzee wa nyumba ya mwisho ananunua maneno," Sharifo alisema, huku akisukuma jerikeni yake chini ya maji. "Mama mmoja wa viazi ameniambia. Kila siku ya soko anaenda Chwele, anakaa na wale mama wanaoshuka mlimani, anawapa mandazi, wao wanampa maneno. Anaandika kwa daftari."

"Maneno gani?"

"Ya lugha yao. Maji, jiwe, ng'ombe, jicho. Ati andazi moja, maneno matano."

"Sasa atayafanyia nini?"

"Si atawapelekea Wamarekani, bana. Lile kanisa lake ni la huko. Usicheke, Mama Pauline. Utaamka siku moja useme 'maji', uambiwe neno lina mwenyewe."

Viola alicheka kidogo, akamrekebisha mtoto mgongoni, akabeba ndoo yake. Hakuamini. Alikuwa ameishi mlango wa tatu kutoka kwa Mzee Levi Wekoye kwa miaka miwili, na kuna mambo aliyokuwa ameyaona bila kuyatafuta. Alikuwa mwanamume pekee wa ploti aliyeanika nguo zake kwa mpangilio, soksi na mwenzake. Akichambua maharagwe, midomo yake ilihesabu. Na akiulizwa jambo asilolijua alisema "sijui", neno ambalo Viola hakuwa amelisikia kwa wanaume wengi.

Mzee huyo alizaliwa Lugulu, karibu na hospitali ya misheni, katika nyumba ambayo kila Jumapili ilienda kanisa la Friends, yaani Quaker, bila mtu kuuliza kwa nini. Alikuja Kitale akiwa kijana, akaandikwa kazi kwenye ghala la mbegu, akawekwa chumba cha kupima. Huko alikaa miaka thelathini na moja. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia: unapanga punje mia za mahindi kwenye trei ya mchanga wenye maji, unangoja siku saba, unahesabu zilizoota. Pembeni unapanda punje mia nyingine za mbegu ya zamani inayojulikana, mchanga uleule, maji yaleyale. Na anayehesabu haambiwi trei ipi ni ya nini. Hivyo hata mwenye kutamani mbegu mpya ishinde hana la kufanya.

Mwaka mmoja zilihesabiwa themanini na nne mahali palipotakiwa tisini. Bosi akamwambia arudie. Akarudia mara moja, akapata themanini na tatu. Akaambiwa arudie tena. Alikataa kushika kalamu, akakaa kwenye stuli siku nzima na mikono yake mapajani, mpaka gunia la mbegu hizo likaondolewa. Hadithi hiyo hakuisimulia yeye. Viola aliisikia kwa mama mmoja aliyewahi kufagia hapo.

Mke wake alipofariki, vijana wawili wenye mashati meupe walisimama langoni wakaomba kumsaidia kupukuchua mahindi. Walipukuchua vibaya, lakini walirudi. Baada ya miezi akabatizwa na Wamormoni. Dada yake Nekesa, mwalimu mkuu mstaafu kule Lugulu, aliumia kama aliyepigwa. "Mama alizikwa na nyimbo za Friends," alimwambia. "Wewe utazikwa na za nani?" Tangu hapo miaka tisa ilipita bila Nekesa kukanyaga nyumba yake.

Halafu Januari akampigia simu.

"Levi, maandiko yenu yanasema watu walitoka Yerusalemu miaka mia sita kabla ya Yesu, wakavuka bahari mpaka Marekani. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Watu wakihama wanahama na maneno yao. Sisi kwani tulipofika hapa hatukubeba yetu? Niletee maneno ya hao watu yaliyobaki huko. Ukiniletea, nitakuja Kitale nikae kwa benchi yako kanisani Jumapili moja."

Haya ya Nekesa Mzee Wekoye alimweleza Viola mwenyewe, siku alipobisha mlango wake akiwa ameshika bahasha mbili na pakiti ya biskuti ya mtoto. Alikuwa amepata kwenye simu maandishi ya msomi mmoja wa ng'ambo, aliyepanga maneno ya Kiebrania kando ya maneno ya wenyeji wa Marekani, mengi, ukurasa baada ya ukurasa. Siku hiyo alimpigia Nekesa kwa furaha: ninayo. Wakakubaliana ampelekee Lugulu Jumamosi moja ya Agosti, siku ambayo ukoo hukutana kusafisha kaburi la mama yao.

"Sasa shida ni nini?" Viola aliuliza.

"Shida ni mkono wangu. Umezoea kupima." Akaketi. "Orodha ya mtu ni kama punje alizokuchagulia muuzaji. Akikuchagulia mia nzuri, zote zitaota. Lakini hujajua gunia likoje."

Kwa hiyo alichukua mambo mia moja ya kawaida, yale ambayo watu wote duniani wana majina yake, maji na jicho na jiwe na jua. Akatafuta jina la kila jambo kwa Kiebrania, kisha kwa lugha moja ya wale wenyeji wa Marekani. Pembeni alihitaji mbegu ya zamani: lugha nyingine ambayo hakuna anayesema ilitoka Yerusalemu. Kwanza alitumia Kiswahili. Yakaota mengi mno. Damu, dam. Roho, ruakh. Nafsi, nefesh. Saba, sheva. Malkia, malka. Alishtuka, akampelekea daftari Yakub, mume wa Sharifo, fundi wa cherehani karibu na msikiti.

"Akacheka mpaka akatoa mguu kwa cherehani," Mzee Wekoye alisema. "Akaniambia, 'Mzee, hayo ni ya Kiarabu, niliyasoma madrasa. Kiarabu na Kiebrania ni mtu na dada yake. Umempima dada ukashangaa ana pua ya nduguye.' Gunia lilikuwa limechanganyika, na mimi nimekula mshahara wa mbegu miaka yote hiyo."

Yakub hakumwambia mkewe, maana alijua likifika kwake limefika sokoni. Na Mzee Wekoye, badala ya kuacha, alianza safari za Chwele. Huko mama mmoja wa viazi, Chelangat, alimpa maneno ya Kisabaoti, lugha ya kwao mlimani, polepole, akimkosoa mbele ya wateja: "Hapana, mzee, hapo umetaja ugonjwa."

"Nimekuja kwako kwa sababu tatu. Hujui Kisabaoti, hujui lugha ya Marekani, na huongei sana."

Viola alikuwa ameishia darasa la nane. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba aamue kitu kinachohusu wasomi. Alifuta meza kwa kitambaa, kisha akaifuta tena.

Kadi zilikuwa mia mbili, za manila, zimekatwa kwa rula. Kila moja ilikuwa na neno la Kiebrania kushoto na neno jingine kulia. Alama ya kuonyesha lugha ilikuwa nyuma, chini ya kipande cha karatasi kilichobandikwa. Mbele yake palikuwa na beseni mbili: ya bluu kwa yanayofanana, ya kijani kwa yasiyofanana. Mzee Wekoye alitoka akaketi nje akiwa amegeuza mgongo, uso wake usije ukasema kitu.

Viola alisoma kadi kwa sauti, moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa mbali kama Lodwar na Mombasa. Nyingine zilikaribiana, akazirudia mara tatu mdomoni kabla ya kuamua. Alitaka sana mzee ashinde. Akilini alimwona Nekesa, ambaye hakuwahi kukutana naye, akishuka kwenye matatu stejini na mkoba wake. Lakini hakujua ni kadi gani ingemleta Nekesa, na huruma yake yote ikakosa mahali pa kushika. Ikabidi aseme kweli tu.

Katikati ya kazi mwanawe Pauline alinyakua kadi akaitafuna. Mzee Wekoye aliitwa, akaikagua ilivyolowa, akatafuta mwenzake wa lugha ile nyingine, akaziweka zote mbili kando. "Imeharibika. Haihesabiwi, na mwenzake hahesabiwi." Akarudi nje.

Jioni ilipokaribia walibandua karatasi za nyuma wakahesabu beseni ya bluu. Za Marekani, kumi na saba. Za mlimani, kumi na tisa.

Viola alizihesabu mara ya pili, kumi na saba, kumi na tisa, na sauti yake ikapungua.

"Labda mimi ndiye nimekosea," alisema. "Nianze tena?"

"Ukirudia mpaka upate unachotaka, hupimi tena." Alikuwa amepauka, lakini mikono yake ilikuwa inapanga kadi kwa mafungu, taratibu, kama mtu anayefunga kazi ya siku.

"Kwa hiyo maandiko yako ni ya uongo?"

"Hizi kadi hazijasema hivyo. Zimesema hivi: kufanana kwa namna hii kunapatikana hata Chwele. Basi."

Viola alifikiri. "Lakini kuna kufanana kwingine. Nasikia kwa huyu mtoto, anachanganya Kiswahili na Lubukusu, lugha yetu. Mkono, kumukhono. Kuku, engokho. Kucheka, khuchekha. Pale Kiswahili kinasema k, sisi tunakohoa kidogo. Karibu kila mara."

Mzee Wekoye aliacha kadi. "Nani alikufundisha hilo?"

"Hakuna. Ni kusikia."

"Basi hilo ndilo wasomi wanalotafuta. Si neno moja kufanana na lingine, ni mpango unaorudi mahali palepale. Yule msomi anasema ameuona mpango kama huo. Wenzake wengi hawajakubali. Mimi sina shule ya kuwaamua, na sitajifanya ninayo. Nilichoweza kupima nimepima."

Siku tatu mlango wa mzee ulikaa umefungwa. Sharifo alipita na jipya: ati Wamarekani wamekataa maneno kwa sababu ni mabichi. Siku ya nne Viola alimpelekea uji, akamkuta ameketi, kadi ziko mezani. Kando yake palikuwa na ile orodha ya kwanza ya msomi, imechapwa vizuri, imebanwa na pini. Simu ililia, akaipokea akaiweka mezani kwa spika, na sauti ya Nekesa ikajaa chumba.

"Umekwama, Levi?"

"Sijakwama."

"Basi Jumamosi. Nimeshawaambia watu wa ukoo. Na nimeshonesha nguo ya kuja huko, sitaki kuitwa mwongo."

Simu ilikatika. Viola alimwekea kikombe karibu. Miaka tisa, na nguo imeshashonwa.

"Mpelekee ile ya kwanza," alisema kwa upole. "Hawezi kujua. Atakuja, mtakula pamoja. Si hilo ndilo unalotaka?"

"Hilo ndilo ninalotaka kuliko kitu chochote." Alichukua orodha iliyochapwa, akaiangalia, akaiingiza ndani ya bahasha yake. "Nikimpelekea hii peke yake, atakuja akae kwa benchi nilipomfikisha kwa hila. Kila akiimba nitakuwa najua. Hapana. Nitazipeleka zote, hii na kadi zetu. Nitasimama pale kaburini kwa mama nimwambie: uliomba maneno, nimeyatafuta, sijayapata kwa kipimo changu."

"Na akikataa kuja?"

"Atakuwa amekataa ukweli wangu, si uongo wangu. Hilo naweza kukaa nalo."

"Lakini wewe bado unaamini."

"Naamini. Imani yangu haikuota kwenye orodha hii. Niliomba nikiwa nimefiwa, nikapata kitu ambacho mpaka leo kinanisimamisha asubuhi. Hicho sina trei ya kukipimia, na sitamwambia Nekesa kwamba ninayo."

Alikunywa uji mpaka chini. Kisha akazifunga kadi kwa mipira, kumi na saba peke yake, kumi na tisa peke yake, zile za beseni ya kijani fungu lao, na ile iliyotafunwa na mwenzake akaziweka juu kabisa, zionekane. Alipomaliza hakunyanyua macho mara moja. Viola aliona kidole chake kikigonga meza, kama kinahesabu kitu ambacho hakikuwepo.

"Mama Pauline," alisema. "Najijua. Nikiwa mbele ya dada yangu nakuwa mdogo. Nikimwona na kuikumbuka hiyo nguo, kumi na saba inaweza kuwa ishirini na saba mdomoni mwangu kabla sijaisikia. Wewe ndiye uliyehesabu. Jumamosi twende wote Lugulu, na mtoto aje. Ukae mbele, mahali ninapokuona. Na ukisikia nimeongeza hata moja, kohoa."